Harufu ya Sabuni, Maji Hakuna

Jumatatu, 3 Novemba

Sikuamini masikio yangu! Miaka kumi na moja nimekuwa msaidizi wa Profesa Irmgard Bäuerle, idara ya falsafa, hapa Tübingen. Leo katangaza jinsi atakavyompata mhadhiri wa kudumu. Si kwa makala, na mimi ninazo kumi na nne! Kwa ukurasa mmoja! Alhamisi ya wiki ijayo kila mwombaji atasoma hadharani maelezo ya kazi aliyoifanya kwa mikono yake, tena na tena, hadi mwili ukaijua.

Yote haya ni kwa sababu ya kitabu chake. Miaka arobaini anasema jambo lile lile: mashine inaweza kujua kila neno lililoandikwa kuhusu njaa, lakini haijawahi kukosa chakula cha mchana, kwa hiyo inajua maneno tu. Nakifundisha kitabu hicho kila mwaka. Sura ya nne sijaifikia bado.

Waombaji ni wawili, mimi na Tilman Schwenk. Tilman anaoka mikate! Huja ofisini ana unga kwenye nyusi. Mkataba wangu unakwisha Machi. Nina miaka arobaini na tatu na ninachokijua duniani ni sura tatu za kwanza. Nikiikosa nafasi hii nimekwisha.

Jumanne, 4 Novemba

Asubuhi nzima nimetafuta kazi ambayo mikono yangu inaijua. Nimepata kufungua friji.

Saa tano, hodi. Bi Häberle wa chini, mjane wa miaka sabini na nane, askari wa jengo letu asiyelipwa. Kaja kwa ajili ya kile kibao cha mbao. Kikining'inia mlangoni pako, wiki hiyo ngazi za jengo ni zako, kufagia na kupiga deki. Kimekuwa kwangu tangu jana na vumbi liko pale pale.

"Bwana Daktari, ngazi hazijifagii!"

Nikamwambia ninafikiri. Akasema ufagio haumzuii mtu kufikiri.

Hajui siri yangu. Miaka sita sasa, zamu yangu ikifika nachukua sabuni ya limau na kudondosha tone moja kila kona ya ngazi. Jengo zima linanukia. Maji sijayagusa hata siku moja. Leo pia nimedondosha, na hapo hapo wazo likanijia. Kufagia! Kazi ya mikono ambayo kila mtu huku anaiheshimu!

Jumatano, 5 Novemba

Sijafagia, bila shaka. Nani ana muda? Nimeiomba akili mnemba ya kwenye kompyuta iniandikie ukurasa. Imechukua nusu dakika. Nimeshtuka! Maji baridi yanauma vidole. Kidato cha tatu cha ngazi kinalia. Kiuno kinawaka. Nimesoma hadi machozi yakanitoka. Nimelazimika kujilaza kidogo kwa ajili ya kiuno.

Maskini Profesa, miaka arobaini amekosea. Sitamwambia mpaka nisaini mkataba. Nimebadilisha neno moja tu, ili uonekane mkono wangu.

Jumatatu, 10 Novemba

Tilman kaniuliza nitasoma nini. Nikajibu, kazi za nyumbani. Kacheka hadi akashika ukuta. "Volkmar, wewe? Si juzi uliniuliza yai linachemka dakika ngapi?" Nikamwambia atajionea. Unga ulimwingia puani, akapiga chafya. Nimefurahi sana.

Nyumbani, Bi Häberle kaja kukipeleka kibao kwa jirani. Kasimama kwenye kona. Kanusa. Kapitisha kidole ukutani, kakitazama. Kaniuliza kama nimeosha. Nikasema, kidato kwa kidato. Akakifuta kidole kwenye aproni, akaondoka na kibao. Huwa ana mambo yake kila Alhamisi, huondoka na chupa ya chai na kitambaa anachofuma. Nadhani ni kwaya. Heri yake, na kwetu jengo hutulia.

Alhamisi, 13 Novemba

Niandike kwa mpangilio.

Tilman alisoma kwanza. Unga, joto la vidole, mkate wa kwanza uliokuwa mgumu kama tofali. Kisha akaupitisha mkate wenyewe. Hongo ya wazi! Ukumbi mzima ukagonga meza kwa vifundo vya vidole, ndivyo wanavyopongeza vyuoni huku. Kwa Tilman!

Nikapanda mimi. Nilisoma vizuri, naapa. Nikafika penye sentensi niliyoipenda kuliko zote: "Huanzia kidato cha chini kabisa, hupanda nikifagia, kidato kwa kidato, hadi juu penye nuru."

Kwenye viti vya nyuma hukaa wastaafu wakifuma. Chuo kinawaruhusu kuja kusikiliza. Miaka yote sijawahi kuwatazama. Sindano za kufuma zilisimama zote kwa pamoja. Bibi mmoja akashika kifua.

"Kutoka chini?"

"Eti kutoka chini!"

"Na vumbi la juu je, linaangukia wapi? Mama yangu!"

Mzee mmoja akavaa kofia akatoka nje. Sikuelewa! Nilitazama karatasi. Chini, juu, kuna tatizo gani?

Ndipo akasimama mtu ana chupa ya chai mkononi. Bi Häberle! Kumbe si kwaya!

"Profesa, huyu nakaa naye jengo moja," akasema. "Miaka sita namnusa. Harufu ya sabuni ipo, maji hakuna."

Profesa akavaa miwani. Nilijua nimefukuzwa. Badala yake akamwomba Bi Häberle arudie, polepole, akaandika. Kisha akasema kwamba sentensi hiyo kaitafuta miaka arobaini. Meza ziligongwa hadi vioo vikatikisika. Kwa mjane wa chini!

Baadaye Profesa kaniuliza ukurasa kauandika nani. Nikasema mimi na mwenzangu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilitaka akasirike. Kasema mwenzangu huyo hajawahi kushika ufagio, na kwa hilo hawezi kulaumiwa, lakini mimi nina mikono miwili.

Anayeniokoa ni nani? Bi Häberle! Kasema nipewe nafasi, yeye atanisimamia. Tilman naye kakubali kungoja, kwa huruma, mbwa yule. Nina hadi tarehe nane Desemba. Nifagie mwenyewe, nirudi na ukurasa mmoja. "Hata ukiwa mbaya," Profesa kasema, "mradi uwe wako."

Jumatatu, 17 Novemba

Kibao mlangoni pangu, na si zamu yangu! Bi Häberle kakubaliana na jengo zima: ngazi ni zangu wiki zote hadi Desemba. Kaniletea ufagio wake mwenyewe, mpini umelainika kwa miaka ya kushikwa. Kanionyesha jinsi ya kuukamata. Mkono wa juu unaongoza, mkono wa chini unasikiliza. Nikafagia nao kidato kimoja. Kwa kweli kuna kitu pale, namna vumbi linavyokusanyika lenyewe ukiligusa taratibu. Nikataka kuendelea.

Kisha nikakumbuka mimi ni mtu wa falsafa. Nimeagiza roboti ya kufagia.

Ijumaa, 21 Novemba

Imekuja! Duara, kubwa kama gurudumu la jibini. Nimeiweka ghorofa ya tatu, nikaiwasha, nikakaa kwenye kidato nikiwa na daftari ili niandike ninavyohisi. Ikafagia sakafu nzima ya juu vizuri mno. Ikafika ukingoni. Ikaendelea.

Mungu wangu, kelele zile! Ghorofa tatu! Ikagonga kila kidato, ikatema kila kilichokuwa tumboni mwake, ikatua mlangoni pa Bi Häberle chali, brashi zikizunguka. Mlango ukafunguka. Akauliza kwa sauti kama hii ni yangu. Nikaficha daftari nyuma ya mgongo. Akauliza tena. Nikasema sijawahi kuiona.

Aliinyanyua, akaipangusa na aproni yake, akaingia ndani. Nikasikia anampigia simu Profesa.

Jumatatu, 24 Novemba

Nafasi kapewa Tilman. Barua ya Profesa ni mistari miwili, na wa pili unanitakia afya njema. Kwenye ubao wa matangazo kuna zaidi: muhula ujao, kila Alhamisi saa nne, Bi Häberle atafundisha pamoja na Profesa. Somo linaitwa Ngazi. Wanafunzi wamejiandikisha hadi orodha imejaa!

Nimekaa siku nzima nikiwa nimepigwa bumbuwazi. Jioni, roboti nimeikuta mlangoni pangu, imesafishwa, imefungwa kwa utepe, na ule ufagio umeegemezwa pembeni yake. Nikautazama ufagio muda mrefu. Nikatafakari kosa langu kwa uaminifu wote, na nashukuru, hatimaye nimeliona.

Niliiwasha ikiwa juu. Kesho naanza nayo chini.