Joka Lililoulizwa Hali

Jumatatu, 9 Juni 2025
Siku ya arobaini na moja tangu niondoke Kilolo. Mgongo hauna hali kwa magunia. Lakini mchana, mpunga ukiwa umeanikwa juani hapa mashineni Ubaruku, sisi wanne hukaa kwenye kona ya turubai na kwenda mbali kuliko basi lolote. Mwanaidi, karani wa mizani, anaumba nchi nzima kwa mdomo. Kila mmoja wetu anakuwa mtu mwingine, akisema anachofanya, na dadu inaamua. Mimi ni shujaa Mkuki Saba. Leo kuna joka linalolinda mto. Niliyaona magamba! Kwenye jua lile, nikasikia baridi.

Jumatano, 11 Juni
Lugano anaharibu. Mpakiaji huyu wa Tukuyu hapigani na mtu kabla ya kumsalimia. Nimeinua mkuki, yeye anauliza joka limeamkaje, watoto hawajambo, huko kwao mvua imenyesha? Shamsudin, fundi wa mashine, alicheka hadi akafuta machozi. Nikamnong'oneza tumtoe Lugano. Akasema, kaka Silvester, wivu utakuua kabla ya joka.

Wivu! Mimi!

Alhamisi, 12 Juni
Mpango. Nimemwambia Lugano kwamba Mwanaidi amechoshwa na salamu zake. Nimemwambia Mwanaidi kwamba Lugano anaacha mchezo. Safi kabisa.

Jioni: si safi. Mtu wa salamu hawezi kulala na jambo moyoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye mizani kuomba radhi, na mkungu wa ndizi begani.

Ijumaa, 13 Juni
Uongo wangu wameujua, lakini hawakunisema. Lugano akalisalimia joka tena. Dadu: sita! Joka likainamisha kichwa, likasema miaka mia tatu hakuna aliyeliuliza hali. Wapakiaji wengine walisimama na magunia mgongoni. Najua ni mdomo wa Mwanaidi tu. Lakini niliona likilia. Sijawahi kuona kitu kikubwa hivyo.

Nikarusha mkuki.

Sita. Likafa.

Mwanaidi akakusanya karatasi zake za mchezo polepole. Akasema, kaka, hatugombani, ila wewe unataka kuua, sisi tunataka kusafiri. Wakahamia kona ya pili.

Jumapili, 15 Juni
Wanacheka kule. Nimejichunguza kwa haki. Kosa langu ni moja: nilichelewa kurusha. Nitaanzisha kundi langu, watu wenye akili, vita tupu. Mavuno yakiisha, Jumamosi tarehe 2 Agosti niko Kilolo.