Samaki Wangu wa Mti na Sanduku la Nta

Ndugu zangu wa karakana,

Leo nimeaibika, tena mchana kweupe, mbele ya wakwe! Nawaandikieni haraka kabla hamjasikia kwa dereva wa lori, maana yule ataongeza chumvi. (Chumvi yangu mwenyewe inatosha.) Mkiona mwandiko umepinda, jicho la kushoto limefumba, na halikufumba kwa hiari.

Mnajua nilikuja huku Ugalla kutengeneza madawati ya shule. Mnajua pia kwamba madawati yalikwisha mwezi uliopita na bado sijarudi Mpanda. Sababu inaitwa Felista. Baba yake, Mzee Kasanda, ni mrina asali, mizinga yake imejaa pori zima. Nilipopeleka posa alinitazama viganja, akasema, "Fundi, madawati hayaliwi. Huku kwetu mwanaume anaingia porini, anarudi na kitu. We utarudi na nini?"

Mimi na mdomo wangu! Nikajibu, "Samaki, Mzee. Bila wavu wala mnyoo. Nitachonga samaki wa mti, huyo huyo atawavuta wenzake." Nilimwona mgeni mmoja akivua hivyo kule Karema nilipokuwa natengeneza boti. (Nilimwona kwa mbali. Hilo sikulisema.) Mzee akapanga siku: leo, saa sita mchana, atakuja mtoni na dada yake, yaani shangazi wa Felista, ambaye bila yeye posa haijibiwi. "Ukimtoa samaki, tutazungumza," akasema. "Usipomtoa, lori la Mpanda linapita Jumatatu."

Alfajiri nilikuwa mtoni. Samaki wa kwanza nilimchonga kwa mpingo. Ndiyo, mpingo! Seremala gani atachonga kitu cha kumwonyesha mkwe kwa mti mwingine? Nilimpiga msasa mpaka akang'aa. Nikamtupa majini, akazama hapo hapo. Nilipomvuta alikuja akilima tope la chini kama jembe.

Wa pili nikamchonga kwa ule mti mwepesi wanaofanyia maboya. Huyu alielea vizuri sana, ila kwa ubavu, kama samaki aliyekufa juzi. Nikamtoboa tumbo, nikamtia kipande cha risasi ili apate uzito. Akakaa sawa. Nikamvuta: akaja amenyooka kama rula! Samaki gani anaogelea bila kutikisa mkia? Nikakata ulimi wa bati kwenye kopo la samli, nikaupachika chini ya kidevu ili maji yampige na kumtikisa. Lo! Akazunguka kama keekee ya kutobolea mbao, mshipi wote ukajisokota. Nilikaa nusu saa naufumua huku nikiutukana. Basi, ulimi ulikuwa mrefu mno. Nikaupunguza. Sasa akawa anatikisika, lakini anakwenda kulia tu, kila nikimvuta anaingia kwenye matete. Nikashika koleo, nikakipinda kile kipete cha waya puani, pale unapofungwa mshipi, kidogo tu kuelekea kushoto. Nikatupa tena.

Jamani, akaogelea! Mkia huku, mkia kule, tumbo linametameta. Nilipiga kelele za furaha peke yangu kama mwehu. Samaki mmoja wa kweli, mkubwa, mwenye meno kama msumeno, alimfuata mpaka karibu na miguu yangu. Akaniona, akaghairi. (Sura yangu ilimtisha, na hiyo ilikuwa kabla ya kuvimba.)

Ilikuwa saa tatu. Nikamweka kwenye sanduku lake. Sanduku lenyewe nililiunda juzi, refu kama mkono, halina hata upenyo. Ndani nililipaka nta kote ili unyevu usiingie, nta mbichi ambayo haijachujwa, bonge zima alilonipa Felista kwa siri. Nikatoboa tundu moja la kupita kidole, hewa ipite, ndoano zake zisishike kutu. Nikafunga kifuniko, nikalitundika kwenye tawi, mbali na siafu. Kisha nikaenda kuoga na kuvaa bugaluu langu la kahawia, lile ambalo mguu mmoja ungetosha kushona gauni.

Wanaojua nyuki wameshaanza kucheka. Mimi natoka Ufipa, kwetu tulilima ulezi. Hakuna aliyeniambia kitu.

Saa sita wakaja watatu: Mzee, Shangazi na Felista mwenyewe. Nikawaamkia kwa heshima zote.

"Marahaba," akasema Mzee. "Samaki yuko wapi?"

"Yumo sandukuni, Mzee. Anapumzika."

"Samaki wa mti naye anachoka?" akauliza Shangazi. Felista akatazama chini.

Nilipofika mtini nikasikia mvumo. Nikadhani ni lori kwa mbali. Nikalishusha sanduku, nikaliona zito. Nikadhani ni unyevu. (Leo kichwa changu kilikuwa na jibu la kila kitu.) Mzee akatega sikio. "Fundi, hebu ngoja kwanza."

"Hapana, Mzee, jionee mwenyewe!" Nikafungua kifuniko kwa mbwembwe zote.

Samaki sikumwona. Niliona nyuki! Kundi zima, wamemfunika samaki wangu, wametulia kama wenye nyumba. Nilipiga yowe, sanduku likanitoka mikononi, na hapo utulivu ukaisha. Wa kwanza jichoni. Wa pili mdomoni. Wengine, sijui idadi, wakaona ile miguu ya bugaluu iliyo wazi, wakapanda juu kwa utaratibu kabisa.

Nawaombeni mnielewe. Mtu mwenye nyuki ndani ya suruali hana wakwe. Nililivua! Mbele ya Mzee, mbele ya Felista, mbele ya Shangazi aliyefunika uso kwa kanga (akiacha jicho moja). Nikajirusha mtoni, na mto wenyewe hapo unafika magotini, ikabidi nikae chini ndipo nijisitiri. Bugaluu likabaki ukingoni, nyuki wanatoka mmoja mmoja.

Mzee hata hakukimbia. Aliwasha nyasi, akawafukizia moshi taratibu, akaliinua sanduku, akachungulia muda mrefu, akafunika. Kisha akaja kuchuchumaa ukingoni, mimi nikiwa majini mpaka kifuani, na hapo hapo akaanza mazungumzo ya posa.

"Nani kakufundisha?"

"Kufundishwa nini, Mzee?" Midomo ilikuwa imeshavimba, ilitoka "fundishwa fini".

"Mzinga mpya tunaupaka nta, tunauachia tundu, tunautundika mtini. Nyuki wanaotafuta makao wanaingia. Mimi nina sita imetundikwa tangu mwezi uliopita, mitupu. We umetumia asubuhi moja tu!" Akamgeukia dada yake. "Unasemaje?"

"Mikono anayo," akasema Shangazi. "Akili atapewa na Felista."

Felista akacheka mpaka akakaa chini. Mimi ndani ya maji nilijisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, nawaambieni ukweli.

"Basi," akasema Mzee, "mahari yangu ni masanduku kumi ya namna hii hii, kila moja na tundu lake. Samaki tutanunua." Akaliokota bugaluu kwa ncha ya fimbo, akalikung'uta, akanirushia huku akitazama pembeni. "Haya, vaa suruali, mkwe."

Mkwe! Nilitaka kusema asante, midomo ikakataa. Nikaitikia kwa kichwa tu.

Basi ndugu zangu, nileteeni misumari lori la Jumatatu likirudi huku, harusi ni baada ya mavuno. Na yeyote atakayecheka kabla ya kunawa mikono, wali wa harusi hauli.