Kibali cha Kujisitiri

Ilitangazwa rasmi, kwa waraka wenye mihuri mitatu na saini iliyochukua nusu ya ukurasa, kwamba kuanzia Jumatatu ile hakuna mkazi wa manispaa atakayejisitiri bila kibali. Watu walikuwa wamezoea kupanda miti na vichaka nyuma ya nyumba zao ovyoovyo, kila mtu na mche wake, mradi tu jirani asimwone anapoanika nguo. Matokeo yake serikali nayo ilikuwa haioni kitu, na uwanja usioonekana, waraka ulieleza, ni uwanja usiopangika. Basi kikaanzishwa Kitengo cha Sitara ya Asili, kikapewa vyumba vitatu ghorofa ya pili ya jengo jipya, muhuri wake wenyewe, na fomu elfu nne.

Mkuu wa kitengo alikuwa mtu ambaye wenzake walimwita Bwana Kifungu, kwa sababu hakuwa na jibu lisilotanguliwa na namba. Ukimsalimia alikuitikia, lakini ungeona anatafuta akilini anakuitikia kwa mujibu wa nini. Kanuni za kitengo aliziandika mwenyewe, vifungu ishirini na moja, na mkewe alikiri kwamba hajamwona na furaha ya namna ile tangu harusi yao. Kilichokosekana ni waombaji tu. Miezi miwili ilipita fomu ziko kwenye maboksi, na Bwana Kifungu akawa anakaa dirishani na chai yake, akitazama viwanja vya nyuma vya wananchi na kusikitika jinsi vilivyo wazi bila utaratibu.

Mwombaji wa kwanza alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa makamo mwenye futi ya kupimia shingoni na daftari la vipimo kwapani. Nyumba yake ilikuwa chini ya dirisha lile lile. Alieleza shida yake akiwa amesimama, maana kiti cha waombaji kilikuwa bado hakijatolewa kwenye nailoni. Mama yake mzazi alikuwa amevunjika nyonga. Muuguzi alisema kila asubuhi akandwe kwa mafuta na aote jua, la sivyo mguu utakakamaa na hatatembea tena. Jua la asubuhi lilipatikana nyuma ya nyumba tu, na tangu jengo hili liinuke, bibi alikuwa amekataa kutoka.

"Anasema hajawahi kuvua kanga mbele ya wanaume," fundi alisema, "na kwa umri huu hawezi kuanza na serikali."

Bwana Kifungu aliuliza ni wanaume gani hao.

"Nyinyi, kaka."

Hakukasirika. Mtu wa kanuni hakasiriki, huomba uthibitisho. Alimweleza kwa upole kwamba kifungu cha kumi na nne kinamtaka mwombaji athibitishe kuwa anachunguliwa kweli, si kwamba anajihisi tu, maana kujihisi ni ugonjwa na una idara yake. Atatunza rejista kwa siku thelathini za kazi: nani kachungulia, dirisha lipi, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, akiwa anafanya nini. Asipojua jina la mtu, alama zake zinatosha.

"Siku zote hizo mama yangu akae gizani?"

"Siku za kazi, dada. Jumamosi na Jumapili anaweza kuota jua. Hatupo."

Fundi alichomoa kalamu nyweleni. Kisha akafungua daftari la vipimo na kuuliza leo ni tarehe ngapi.

Hapo kitengo kilipata uhai. Kamati ya Uteuzi wa Miti na Vichaka iliitishwa, yaani Bwana Kifungu, mpimaji wa ramani na katibu muhtasi, mama mmoja aliyebakiza mwaka kustaafu na hakuwa tena na wa kumwogopa. Ilikaa siku kumi na moja mfululizo dirishani, ili kuliona eneo husika bila usumbufu wa kushuka ngazi. Karanga ziliagizwa. Mbele yao kulikuwa na ushauri ambao fundi aliupata kwa mwenye kitalu: safu mbili, nyuma mivinje kwa ajili ya urefu, mbele mihina na michongoma, zipishane kama meno ya zipu, kwa sababu mvinje ukizeeka hubaki uchi miguuni na mti mmoja haufanyi ua. Ushauri huo uliwekwa kando kwa kuwa ulikuwa wa ukurasa mmoja, na Bwana Kifungu akauwekea kikombe chake juu.

Mpimaji alipendekeza mnyaa. Katibu akakumbusha kwamba utomvu wa mnyaa hupofusha macho. Yakafuata maswali ni macho ya nani, na mnyaa ukafutwa kwa kulinda usalama wa watumishi wa umma. Mwanzi ulifutwa kwa utovu wa nidhamu, maana mizizi yake hupita chini kwa chini na kuchipukia kwa jirani bila taarifa. Mchongoma nao ulionekana una miiba inayoweza kumjeruhi mkaguzi atakapoingiza kichwa. Ndipo likazuka suala kubwa kuliko yote: kitengo kitajuaje kwamba ua unaficha, kama afisa haoni kilichofichwa? Kamati ikaazimia kwamba ua wowote wa miti uache mwanya wa asilimia arobaini.

Katibu aliuliza bibi wa watu ataonekana kuanzia wapi hadi wapi. Swali liliahirishwa.

Wakati huo Bwana Kifungu hakumwacha mwombaji wake. Kila siku alisimama dirishani kuanzia saa tatu kuhakikisha rejista inajazwa. Alipomwona fundi akiinua macho kutoka kwenye cherehani, akitazama saa, akiandika, moyo wake ulijaa. Raia anajaza fomu! Siku moja alimpungia kikombe, na fundi akaandika. Dirisha la chumba cha bibi lilibaki limefungwa, na zilikuwapo asubuhi ambazo Bwana Kifungu alisikia mtu akiugulia maumivu mle ndani. Jambo hilo lilimsumbua kweli, kwa kuwa rejista haikuwa na safu ya sauti.

Siku ya thelathini na moja fundi alileta kurasa arobaini. Bwana Kifungu alizikagua kwa rula. Yeye alikuwa mkaguzi wa safu. Yaliyoandikwa ndani ya safu yalikuwa kazi ya kitengo kingine ambacho kilikuwa bado hakijaanzishwa. Safu zilinyooka, maana mtu anayekata nguo hakosei mstari, na Bwana Kifungu akagonga muhuri wa IMETHIBITISHWA ukurasa baada ya ukurasa hadi mkono ukauma. Kisha, kwa mujibu wa kifungu cha kumi na tisa, akazibandika zote kwenye ubao wa matangazo getini kwa siku kumi na nne, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Kifungu hicho kilikuwa kitamu: mwenye kupinga aeleze kwa maandishi alikuwa wapi saa hiyo na alete shahidi, na atakayebandua tangazo kabla ya muda atahesabiwa amekiri.

Getini hapakukosa foleni. Watu walio kwenye foleni husoma chochote, hata onyo la umeme. Aliyekuwa mbele siku hiyo ni fundi bomba, aliyefuatilia ruhusa ya kuchimba mtaro kwa wiki tisa, na alisoma kwa sauti kwa faida ya waliosahau miwani.

"Jumanne, tarehe tisa. Dirisha la tatu, mwenye tai ya mistari. Saa tatu na dakika kumi hadi saa sita kasorobo. Kidevu mkononi. Karanga."

Akahesabu vidole.

"Tarehe tisa si ndiyo niliambiwa yuko kwenye semina?"

Bwana Kifungu, aliyekuwa amesimama kwenye ngazi, kwanza alifurahi kusikia maelezo yaliyo wazi kiasi kile. Kisha akaitazama tai yake.

Kufikia mchana foleni ilikuwa imevuka barabara, kila mtu akitafuta tarehe yake. Mkurugenzi wa manispaa alishuka mwenyewe. Alimgombeza Bwana Kifungu mbele za watu, akamwita mzembe na mvivu, akaapa kumhamishia makaburini, na alikuwa na haki kabisa hadi alipofika ukurasa wa ishirini na saba. Hapo mwandiko mzuri wa fundi ulisema: "Ghorofa ya tatu, dirisha la kona, mnene, miguu juu ya meza. Saa nane hadi saa kumi, kila siku. Huyu hachungulii, amelala. Naomba mwongozo kama ahesabiwe."

Chini yake kulikuwa na muhuri.

"Nani kathibitisha haya?" Mkurugenzi aliuliza, sauti imempungua.

"Sisi, mheshimiwa."

Siku kumi na nne zilipita. Hakuna aliyebandua, na hakuna aliyeleta pingamizi, maana hakuna aliyeweza kusema alikuwa wapi. Siku ya kumi na tano Mkurugenzi alimwita Bwana Kifungu, akafunga mlango, akamuuliza kwa sauti ya mgonjwa anayeuliza dawa ni mti gani unakua haraka. Ule ushauri wa ukurasa mmoja ulitolewa chini ya kikombe na kupitishwa kwa dakika nne. Mwanya wa asilimia arobaini ulifutwa kwa kalamu nyekundu. Jumamosi miche ilifika, na kwa kuwa hakuna kibarua aliyekubali kuiacha nafasi yake getini, mashimo yalichimbwa na Mkurugenzi na Bwana Kifungu, fundi akiwapimia kwa futi yake na kuwarudisha walipokosea.

Lakini mti si pazia, hauning'inizwi ukakua siku hiyo hiyo. Ikabidi vioo vyote vya upande ule vibandikwe fomu, zile elfu tatu mia tisa tisini na tisa zilizobaki, kuanzia sakafuni hadi juu. Madirisha yalipozibika, meza zilielekezwa mlangoni kufuata mwanga. Hapo ndipo Bwana Kifungu alipogundua kwamba mlangoni walikuwa wamesimama watu.

Kuhusu rejista, kifungu cha ishirini hakikuacha shaka: itaendelea hadi ua ufikie kimo cha dirisha la juu kabisa. Ndiyo maana Bwana Kifungu humwagilia asubuhi na jioni bila kukosa, na kwa kifungu cha ishirini na mbili, alichokiongeza kwa heshima ya wakazi, mwagiliaji hutembea kinyumenyume, uso umeelekea ukuta wa jengo.

Jumatatu bibi alitoka. Alibebwa pamoja na mkeka wake, akalazwa kifudifudi juani, mgongo wazi, na binti yake akaanza kumkanda nyonga polepole kwa mafuta ya uvuguvugu. Bibi alifumba macho. Alisikiliza maji yakimwagika upande wa pili wa miche.

"Yule," akasema mwishowe, "mvinje wa kona kaumwagilia?"

"Bado, mama."

"Andika."

Bwana Kifungu alirudi nyuma hatua tatu, na ndoo yake.