Kesi ya Maji ya Al Thumama

Jumapili, 12 Januari 2014

Ukungu! Al Thumama yote, mtaa wetu huku ughaibuni, imemezwa. Nimesimama getini nikijiona niko Uskoti, koti refu, mvua nyembamba, kama yule mpelelezi wa riwaya zangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tuliambiwa. Mpelelezi huyo hasikii, kila kitabu anasimamishwa kazi, na guu lake zima! Mwisho yeye ndiye huwa sahihi. Wiki hii wanachagua msimamizi wa walinzi. Ni mimi au Roselyne Mumbua, ambaye anajua kufuata amri tu. Maskini.

Jumatatu, 13 Januari

Kesi! Kwenye ukuta wa jumba tunalolinda, upande wa barabarani, kuna bomba la maji baridi. Wajenzi wamepita, wakanywa, wakajaza na chupa. Dereva wa teksi vilevile. Maji ya tajiri, mchana kweupe! Nimemwarifu Cornelius, mkubwa wetu. Akasema nilinde geti, maji niachane nayo. Ndivyo wakubwa wa vitabuni husema. Nimefurahi mno.

Jumanne, 14 Januari

Nimenunua koti jeusi la mitumba, nikajibanza nyuma ya mtende. Jua likatoka. Nimeiva kama muhogo. Roselyne akauliza kama nina homa. Mpelelezi wangu hunywa wiski. Mimi nimekunywa karak, chai nzito ya maziwa, nikaota navishwa cheo. Kisha nikalifunga bomba kwa waya.

Jumatano, 15 Januari

Mama mwenye jumba ametoka mwenyewe, analia. Kumbe yale maji ni sadaka! Aliyaweka kwa ajili ya marehemu mumewe, ili kila anywaye amwombee. Tangu jana, asema, hakuna aliyemwombea. Niliona aibu, kweli. Roselyne akafungua waya kwa mkasi wa kucha, akawagawia wapita njia maji kwa mkono wake. Cornelius akasema nishukuru huruma ya mama, la sivyo ningekuwa kwenye ndege ya Nairobi.

Alhamisi, 16 Januari

Roselyne ndiye msimamizi. Mimi nimehamishiwa Al Rayyan, jumba jingine, nikaapishwa: geti tu. Adhabu! Kama vitabuni kabisa. Guu langu? Zima.

Ukungu tena, mzuri ajabu. Na huku mlango wa nyuma, mpishi ametoa sinia zima la wali na nyama, akawapa wafagiaji wa barabara. Akanikaribisha hata mimi. Wizi, tena kwa tabasamu! Nimekula nusu ya ushahidi. Nusu nyingine nimeificha ndani ya koti.