Bustani ya Kaimu

Redio ilipotangaza kwamba kila ajengaye maduka atailipa halmashauri ada ya kugharimia bustani za jiji, Kaimu aliizima kabla tangazo halijaisha. Kilichobaki hakikumhusu, riziki alikwisha kuinusa. Aliitwa Kaimu kwa kuwa hakuwahi kujitambulisha bila cheo hicho: jana kaimu wa maji, leo kaimu wa bustani. Maishani mwake kitu pekee kilichonyooka kilikuwa suruali.

Alimkuta mwenye jengo jipya la maduka akiwagawia mafundi misumari kwa mkono wake mwenyewe, wasije wakamwibia.

"Tajiri, mimi ni kaimu wa bustani pale halmashauri. Ada kamili itakutoa jasho. Nipe nusu, mkononi, mengine niachie mimi."

"Bustani yenyewe iko wapi?"

"Inakuja."

"Hata mvua inakuja, bwana. Sinunui upepo mimi. Pale nyuma nina kiwanja cha takataka. Panda miti, weka mabenchi. Nikiiona kwa macho yangu, nusu yako unaondoka nayo."

Kaimu akaenda kwa mama mkwe, aliyekuwa ameweka fedha za kuezekea nyumba yake.

"Mama, wiki mbili tu. Zitarudi zimezaa."

"Zisiporudi, mkwe wangu, nahamia kwako. Na mimi nakoroma."

Takataka zikazolewa, nyasi zikatandazwa, miche ikasimama mistari kama wanafunzi gwarideni. Haijapata kutokea tapeli kulitumikia jiji kwa uaminifu kiasi kile.

Siku ya kukabidhi, wiki mbili zikiwa zimeshapita, Kaimu alimkuta tajiri akipeana mkono na afisa wa halmashauri, huku watoto wakishangilia. Alimvuta pembeni.

"Nusu yangu, tajiri."

"Kumbe tangazo hukulisikiliza hadi mwisho? Anayejenga bustani mwenyewe hatozwi hata senti." Tajiri akatabasamu. "Ila kama unadai, kamwambie afisa yule. Si mnafanya kazi ofisi moja?"

Kaimu alimtazama afisa, akarudi nyuma hatua mbili. Hatuoni sababu ya kumwonea huruma.

Alipogeuka aondoke, alimwona mama mkwe ameketi kwenye benchi la kwanza, masanduku mawili miguuni, godoro limefungwa kamba kando yake.

"Benchi zuri, mkwe wangu," alisema, akijinyoosha. "Haya, anza na godoro."