Ombi la Kulifunga Darasa la Uchomeleaji Kabla ya Disemba

Kwa Mwalimu Mkuu, Bi. Kanini,

KUH: WANAFUNZI KUJUA KAZI KUPITA KIASI

Mimi ni Kyule, karani wako wa meza ya mlangoni. Nakuandikia ingawa tuko ofisi moja kwa sababu nikikutazama usoni sauti hunipotea. Tafadhali usinifute kazi kabla hujafika mwisho wa ukurasa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Shule iliahidi kuwapa wanafunzi ujuzi. Sote tulielewa kwamba hayo ni maneno ya siku ya wazazi. Hakuna aliyetuonya kwamba wangejifunza kweli.

2. Msichana wa Gredi ya Kumi, Kathini, amemchomelea Mzee Kitheka lango linalofungwa kwa kidole kimoja. Mzee huyo ndiye baba wa Muthoki, ninayetaka kumwoa Disemba.

3. Jumamosi nilikwenda kwake na wazee wetu kuomba siku ya kupeleka mbuzi wa ntheo, ili posa ianze. Nilivaa tai. Nilibeba vyeti vyangu vyote. Mzee hakuvigusa, alinishika mkono hadi langoni akaniuliza, "Na wewe, mwanangu, umetengeneza nini?" Nikajibu kwamba natengeneza barua. Waliocheka zaidi ni wazee wa upande wangu.

4. Jumapili mchungaji aliombea mikono ya vijana wa hapa kwetu Kathonzweni, halafu akafumbua jicho moja kunitazama. Wenzangu wenye diploma sasa wanatembea mikono mifukoni.

5. Nasikia muhula ujao mtaongeza umeme na useremala. Mwalimu, tutaoa wapi? Mwishowe watu wataanza kuajiriwa kwa sababu wanajua kazi, na ofisi zote za kaunti zitabaki tupu.

Kwa hiyo naomba darasa hilo lifungwe, au lifundishwe ubaoni tu, kama masomo mengine yenye heshima.

Nawasalimu walimu wote, wapishi na mlinzi. Kathini simsalimu, lakini akiuliza, lango ni zuri.

Ni mimi, mtiifu na mwenye hofu,
Kyule Ndeti

Tanbihi: Leo asubuhi Mzee Kitheka ametuma neno: atawapokea mbuzi wakija na mlango wa zizi niliouchomelea mwenyewe. Kathini amekubali kunifundisha kila jioni, mradi niache kupiga mayowe cheche zikiruka. Tafadhali darasa lisifungwe, liongezewe vipindi. Liongezewe na mashine pia, kwa maana ile iliyopo nimeiunguza leo saa sita mchana nilipoijaribu mara ya kwanza.