Sikio la Fung na Masufuria ya Mzee Szeto

Jumatatu, 6 Machi

Unyevu! Kuta za nyumba zinatoka jasho utadhani zimebeba magunia. Nimerekodi kipindi cha kumi na moja ndani ya kabati la nguo, katikati ya mablanketi yanayonuka ukungu. Nilipofika kwenye sentensi nzuri kuliko zote, Dada Suet-ngo akafungua mlango kuchukua taulo. Akauliza nani kafa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, naielezea filimbi. Akasema basi nipunguze kulia, majirani watakuja na sadaka.

Kurekodi upya. Sentensi haikurudi.

Jioni simu kutoka kwa Bwana Mak, mwenyekiti wa Chama cha Wapenzi wa Filamu za Zamani. Habari kubwa! Jumamosi ya tarehe 25 wanamfanyia Mzee Szeto Wing-hong hafla ya kutimiza miaka themanini na minane. Mzee Szeto ndiye aliyetia muziki kwenye filamu zote za mapanga nilizokulia, na ndiye ninayemchambua katika podikasti yangu, Sikio la Fung, filamu baada ya filamu, tangu mwaka jana. Jukwaani kutakuwa na viti viwili. Kimoja cha mzee, kingine cha mtu wa kuzungumza naye. Nikamwambia Mak nimekubali. Akasema hajaniomba. Mzee atachagua mwenyewe kati yangu na Lui Man-kei.

Lui Man-kei! Tulianza podikasti pamoja. Akaondoka akidai kwamba tangu tuanze hajawahi kumaliza sentensi hata moja. Nilimkatiza palepale nikamwambia huo ni uongo. Sasa ana podikasti yake, juu ya mzee yuleyule. Hana haya!

Kiti kile ni changu. Nina miaka hamsini na tatu na nimepanda jukwaani mara moja tu maishani, shuleni, nilipoigiza mti.

Jumatano, 8 Machi

Nimepata fununu kwamba Mzee Szeto hunywa chai kila asubuhi kwenye mkahawa mmoja wa mtaa wa North Point. Mpango: kuchangia meza. Pale asubuhi hakuna mwenye meza yake, unavuta kiti popote palipo na nafasi. Nitaketi, nitashtuka, nitasema lo, kumbe ni wewe!

Nikafika mapema. Nikamwona. Nywele nyeupe, miwani minene, gazeti la mbio za farasi. Nikavuta kiti, nikashtuka vizuri sana. Nikamweleza nadharia yangu yote kuhusu filimbi ya *Mjane wa Theluji Nyeusi*, jinsi inavyopanda mjane anaposhika jembe la kuchimbia kaburi, na kwa nini filimbi ile ni roho ya mji wetu mzima. Yeye akala miguu ya kuku na kuitikia kwa kichwa. Kweli kabisa, akasema. Kweli kabisa, ndugu yangu. Sijawahi kupata msikilizaji kama huyo. Bili ilipokuja tukaigombea kama ilivyo ada, kavuta huku nami navuta huku, mpaka mhudumu akatuambia tutaichana. Nikashinda.

Ndipo akanishukuru. Akasema yeye ni fundi lifti mstaafu, hajaona filamu tangu watoto wake wazaliwe, ila nina sauti nzuri ya kuteremshia chakula.

Mzee Szeto mwenyewe alikuwa meza ya dirishani. Lui alikuwa akimmiminia chai! Mzee akagonga meza kwa vidole viwili kumshukuru. Vidole vilevile vilivyoandika ile filimbi! Na Lui amekaa tu, kimya, anasikiliza. Mzee wa watu atachoka bure kuongea peke yake.

Ijumaa, 10 Machi

Mkono mtupu haulambwi. Nimenunua redio ndogo ya kuchomeka kadi, nikaitia vipindi vyangu vyote kumi na kimoja. Nikaongeza maganda ya machenza yaliyokaushwa na kuhifadhiwa miaka na miaka, zawadi ambayo hakuna mzee wa hapa anayeweza kuikataa. Nimemwachia mhudumu wa mkahawa amkabidhi mzee, pamoja na namba yangu ya simu.

Dada ametafuta maganda yake jioni nzima. Nimemsaidia kutafuta.

Jumanne, 14 Machi

MZEE AMEPIGA SIMU! Mwenyewe! Nilikuwa nakula tambi, nikasimama na bakuli mkononi kama askari. Anasema amesikiliza vipindi vyote. Cha tano amekirudia mara nyingi, hata betri zimekwisha. Anataka niende kwake kesho.

Cha tano? Sikuelewa. Cha tano kinahusu *Ngumi za Muuza Tofu*, filamu ya hovyo kuliko zake zote, na ndani yake nimemcheka kidogo. Kumbe mzee ni mtu wa utani. Safi sana. Lui kwisha habari yake.

Jumatano, 15 Machi

Sijui nianzie wapi. Nina hasira na mtu, ila sijui ni nani.

Mzee Szeto anakaa ghorofa ya tisa, kwenye chumba kidogo kilichojaa mimea. Akanipa chai na keki za mayai. Akaniita kijana. Nikaomba tuanze na kipindi cha nane, kile cha filimbi, kazi yangu bora. Tukasikiliza. Yeye anapasua mbegu za tikiti kwa meno. Ilipofika filimbi yenyewe machozi yakanitoka. Akaniuliza kama nimepaliwa.

Kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba ile filimbi si yake.

Nikamwambia asinitanie. Akasema hatanii. Zama zile bosi wa studio alikuletea filamu Jumatatu akaitaka Alhamisi. Nani angetunga muziki? Ulikwenda kwenye rafu ya santuri na mkasi. Filimbi ile aliikata kwenye santuri ya ng'ambo, ya nchi gani hakumbuki, jalada lilikuwa na picha ya mbuzi. Nikauliza vinanda vya *Kisima cha Chuma*. Santuri. Ngoma za mizimu? Santuri nyingine, akaigeuza upande. Kengele? Hizo zilikuja na ngoma. "Kazi yangu ilikuwa mkasi na gundi, kijana," akasema. "Kila mtu alifanya hivyo. Nilidhani unajua."

Vipindi kumi na kimoja! Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, tena mbuzi wa kwenye jalada!

Nikamuuliza kama kuna chochote alichotunga mwenyewe. Akasema kimoja. Muziki wa kufukuzana wa *Ngumi za Muuza Tofu*.

Kipindi cha tano. Muziki nilioufananisha na kabati la vyombo lililoanguka ngazini, kisha nikaucheka mpaka maikrofoni ikadondoka.

Ni vyombo kweli. Siku ile bendi haikutokea, ilikuwa imekwenda kupiga harusini. Mkewe, Kam-ping, alikuwa mpishi wa studio, anawapikia wapigana ngumi. Mzee akaandika muziki wa makarai, mifuniko na kisu cha nyama, Kam-ping akaupiga wote peke yake, na aproni yake kiunoni. Walirekodi mara moja tu kwa sababu wali ulikuwa jikoni. Amefariki miaka sita sasa. Hakuna mahali pengine aliposikika. Studio ilipofungwa makopo ya filamu yalitupwa, na mkanda wa video nilioupata kwa wauza vikorokoro wa Mtaa wa Apliu ndio pekee unaojulikana.

Mzee akasema amerudia kipindi cha tano ili amsikie mkewe, lakini kila anapokaribia kumsikia, ananisikia mimi. "Unaongea juu yake, kijana. Mwanzo hadi mwisho. Niwekee kile kipande kizima, bila mtu kusema. Tafadhali." Na atakayekileta hivyo ndiye atakayeketi naye jukwaani.

Nililia. Nikamshika mikono miwili nikamwahidi. Bila neno hata moja, Mzee!

Halafu nikiwa kwenye tramu nikakumbuka: mkanda ninao mimi! Lui hana! Kiti ni changu! Nikapiga kofi la furaha, mama mmoja akahamisha kikapu chake.

Ijumaa, 17 Machi

Kazi imeanza. Kipande ni dakika tatu. Nitakiweka kama kilivyo, ahadi ni ahadi.

Nitakaribisha wasikilizaji tu. Huwezi kuacha watu waingie nyumbani bila kuwaambia karibuni.

Alasiri. Nimegundua tatizo. Msikilizaji wa kawaida atajuaje kwamba huu ni mfuniko na hili ni karai? Ataudhika, ataondoka, na Bi Kam-ping atakuwa amepiga bure. Kwa heshima yake nitataja vyombo vinapoingia. Kwa sauti ya chini.

Dada amesikiliza kupitia mlango wa kabati. Akasema, "Ah-Lok, si ulimwahidi mzee wa watu utanyamaza?" Nikamwambia nimenyamaza, haya ni maelezo. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na za Dada amezifunga kitambaa.

Jumapili, 19 Machi

Kipindi kimetoka! Kadi yake nimemwachia mhudumu wa mkahawa amfikishie mzee. Dakika arobaini na mbili. Kizuri ajabu. Nimeongea pale tu palipokuwa na haja: mwanzo, historia ya karai, kidogo katikati, na pale mwisho ambapo zamani nilicheka nimeweka shukrani zangu. Kicheko nimekifuta. Mzee ataona nimekua.

Saa kumi mzee akapiga simu. Akanishukuru kwa taabu yangu. Kisha akauliza kama kwenye hii redio ndogo kuna kitufe cha kunizima mimi na kubakiza makarai.

Nilifurahi kumwona ana hamu ya ufundi katika umri ule. Nikamweleza kuhusu kurekodi, kuchanganya sauti, kwa nini zikishachanganywa haziachani, na historia fupi ya maikrofoni. Nadhani alisinzia mahali fulani, maana nilipomaliza simu ilikuwa imekatika.

Jumanne, 21 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Bwana Mak amenipigia. Mzee amemchagua Lui.

Nikauliza kwa kigezo gani. Akasema nisikilize kipindi kipya cha Lui, kimetoka asubuhi. Nikasema sina haja. Nikakisikiliza. Dakika tatu! Tatu tu! Muziki wa kufukuzana, basi. Hakuna karibuni. Hakuna kwaheri. Hata jina lake hakutaja! Mtu anafungua podikasti, anaweka kitu, anakaa pembeni kama bawabu. Nami nimekesha na historia ya karai!

Kisha nikajiuliza mkanda kaupata wapi. Nikaenda kwenye sanduku langu. Mkanda haupo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Dada alikuwa jikoni anamenya tangawizi. Hakukana hata kidogo. Mzee alipiga simu jana nikiwa bafuni, yeye akapokea. Mzee hakulalamika, alimuuliza tu kama anaweza kuja kusikiliza mkanda nyumbani kwetu, mara moja, siku ambayo mimi sipo. Dada akavaa viatu, akaupeleka mkanda mwenyewe mpaka ghorofa ya tisa. Lui alikuwepo, akaunakili. Mkanda utarudishwa kesho.

Nikapiga kelele. Nikamwambia ameniharibia maisha, kiti kilikuwa changu, nilikuwa nimebakiza hatua moja. Akaniuliza ni hatua ipi. Nikasema nilikuwa njiani kutengeneza toleo jipya lenye maelezo mafupi zaidi. Dada akaweka kisu chini. Akasema mzee yule aliusikiliza akiwa amesimama, ameshika ukingo wa meza, na ulipokwisha akauliza kama angeweza kuusikia tena. "Akaomba ruhusa, Ah-Lok. Kumsikiliza mke wake mwenyewe."

Nikanyamaza. Dada akaniangalia kwa mshangao.

Kisha akasema kwamba kwenye chai ya mzee alikuta ladha anayoijua vizuri, na tutazungumza kuhusu maganda yake.

Ijumaa, 24 Machi

Siku tatu sijamsemesha Dada. Anasema hajawahi kupumzika hivi.

Leo, kwa hasira tu, nimesikiliza tena kile kipindi cha Lui. Nilitaka kuhesabu makosa. Nikazima taa, nikaingia kabatini, nikafunga mlango. Makarai. Mifuniko. Kisu juu ya ubao, haraka, haraka zaidi. Mfuniko wa mwisho unadondoka, unazunguka sakafuni, unatulia. Na halafu, kabla mkanda haujakatika, mwanamke anacheka.

Anacheka! Kidogo tu, ameishiwa pumzi, kama mtu ambaye haamini kwamba amefika mwisho. Ni Kam-ping! Nimekuwa na mkanda huu miaka minne na sijawahi kumsikia. Pale ndipo nilipocheka mimi, na katika kipindi kipya ndipo nilipoweka shukrani.

Nimelia, nakiri, na safari hii si kwa ajili ya filimbi. Mzee anamsubiri mkewe acheke. Ni hicho tu alichokuwa anaomba.

Na kesho, mbele ya ukumbi mzima, Lui atauweka muziki huu bila kusema lolote! Kicheko ni kidogo mno! Watu wanakohoa, wanakula mbegu, kitawapita! Nani atawaambia?

Nimekwenda kwa Bwana Mak, nimepata tiketi ya mstari wa mbele, katikati kabisa. Nimeupigia mahesabu. Mfuniko wa mwisho ukianza kuzunguka tu, nitasimama, nitageukia ukumbi na kuwaambia kwa sauti kubwa: "Sikilizeni! Sasa! Anacheka!" Kipaza sauti sihitaji. Mzee atafurahi sana.